Vibuyu Vipya vya Mhozya

Zama zile pembe za ndovu ziliposafiri mabegani mwa watu kutoka bara hadi pwani, msafara ulijulikana kwa kirangozi wake. Ndiye aliyeongoza njia, nguo nyekundu mwilini na ngozi ya mbega kichwani, na yeyote aliyethubutu kumpita alitozwa mshale mbele ya watu wote. Sheria hiyo haikuwa na mkubwa wala mdogo.

Mwaka huo mtemi wa Ukalwa, katika nchi ya Wanyamwezi, alimpa ukirangozi Mhozya, kijana wa miraba minne mwenye sauti ya kuamsha milima. Aliyevuliwa cheo ni mzee Ntundu, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuchoka. Ntundu hakugomba. Alichukua mshale wake, kibuyu chake cheusi na mzigo wa pagazi, akaenda kusimama mkiani. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na watu wakasubiri kuona watapigana lini.

Mhozya alitaka msafara wake upendeze. Alikagua viatu vya ngozi ya nyati vilivyolainishwa kwa mafuta, akakagua ngata za mabegani, akahakikisha vijiti vya kupekechea moto vimeviringishwa ndani ya ngozi visije vikalowa. Hayo aliyajua vizuri. Lakini vibuyu vya maji vilimchukiza, maana vilikuwa vyeusi kwa masizi na vilinuka moshi. Akaamuru vitupwe, vikatwe vipya, vyeupe, vyenye nakshi shingoni.

Ntundu alimwendea akamweleza kwamba kibuyu kipya hukwanguliwa ndani, kikalowekwa, kikafukizwa moshi tena na tena mpaka uchungu wake ufe, na kwamba kazi hiyo haina njia ya mkato. Mhozya aliyaona maneno hayo kuwa ni wivu tu. Alimjibu kwa adabu, watu wakisikia, kwamba kila zama na vibuyu vyake. Watu wakacheka. Jibu lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Ubaya wake ni kwamba halikunyweka.

Mbele yao ilikuwa nyika ya Ikumba, isiyo na kisima. Walijaza vibuyu kwenye bwawa la mwisho, wakaingia. Jua lilipopanda wakanywa, na papo hapo wakatema. Maji yalikuwa machungu kama shubiri. Waliojikaza wakameza walitapika, wakabaki wakavu kuliko wenzao. Alasiri pagazi mmoja aitwaye Seni alitua pembe yake chini, akasema yeye amefika. Wenzake wakamshika makwapa. Mhozya alijitwika ile pembe mwenyewe, akaendelea kutembea, kwa kuwa hakujua la kufanya jingine.

Asubuhi ya pili alisikia hatua nyuma ya kisigino chake. Ntundu alikuwa ametoka mkiani, na kibuyu chake cheusi, ambacho hakukitupa, kilikuwa kitupu. Maji yake yote alikuwa amewanywesha wagonjwa. Alimfikia kirangozi, asimpite.

Kwa sauti ya chini alieleza kwamba tangu alfajiri makundi ya chiriku yalikuwa yakiruka chini chini kuelekea kaskazini, na chiriku, ambaye chakula chake ni mbegu kavu, hawezi kukaa mbali na maji. Upande huo alikumbuka korongo la mchanga ambalo ndovu hulichimba wakati wa kiangazi. Kulifikia, ilibidi waiache njia.

Mhozya aligeuka. Msafara mzima ulikuwa unamtazama. Aliona aibu, na aibu hiyo ilimwelemea kuliko pembe aliyobeba.

"Tangulia, Baba," alisema.

"Nikitangulia, mshale wangu ni wako. Utautwaa mbele yao."

"Siutaki."

"Utautaka. Tukishakunywa, watamfuata nani? Mimi miguu imekwisha, mwanangu. Usiivunje sheria kwa ajili yangu."

Akampita. Nyuma yao wapagazi wakaiacha njia, wakafuata.

Korongo lilikuwepo. Walichimba kwa mikuki na kwa mikono, mchanga ukageuka tope, tope likatoa maji. Seni alinyweshwa wa kwanza, kwa kibuyu cheusi. Kisha Ntundu, kabla hata ya kunawa, alimwendea Mhozya akamnyoshea mshale kwa mikono miwili. Mhozya aliupokea mbele ya watu wote.

Msafara ulifika pwani na ukarudi. Huko Ukalwa ukatungwa wimbo wa Mhozya, kirangozi aliyeivuka Ikumba bila kupoteza mtu. Habari za vibuyu hazimo. Ntundu ametajwa mahali pamoja tu: mzee mkaidi aliyempita kirangozi njiani, akatozwa mshale.

Kila wimbo ulipofika hapo, Mhozya aliinuka akatoka nje. Alifanya hivyo mpaka alipozeeka.