Kiti Kilichopima Shamba la Kogo Elmina

Kila asubuhi Elmina, ambaye wajukuu na majirani walimwita Kogo, yaani nyanya, alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake, pale kijijini Boito, akiangalia majani chai. Majani chai nayo yalimwangalia. Hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo tangu mzee wake afariki.

Mwanawe Aron na mkewe Rodah walikaa nyumba ya pili, boma hilo hilo. Hawakuwa watu wabaya. Walikamua ng'ombe, wakachuma majani, wakakimbia na vikapu kwenye kituo cha kupimia majani. Wakipita walimsalimu bila kusimama. Chai aliletewa. Ugali aliletewa. Akishika jembe, Rodah alimnyang'anya na kumwambia apumzike. Basi alipumzika. Alipumzika mpaka magoti yakaanza kulia kama mlango wa choo.

Halafu Desemba ikafika. Mvua ilipungua, jua likawaka, shule zikafungwa. Na watu wa nyumbani wakaanza kumpenda ghafla.

Jumatatu Rodah alimletea kofia mpya, pana kama sufuria ya harusi. Elmina aliigeuza ndani na nje. Hakuona kasoro yoyote, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Akaivaa mpaka kwa jirani yake Wanjuhi. Wanjuhi alikuwa na duka kando ya barabara. Sukari aliuza, lakini habari za watu aligawa bure. Alimwambia Elmina juu ya mzee mmoja wa upande wa Mogogosiek. Watoto wake walimnunulia koti. Wakampeleka kula nyama ya mbuzi. Wakampa kalamu aandike jina lake mahali fulani. Alipofika nyumbani, shamba lilikuwa la mtu mwingine.

"Mimi sisemi kitu, Mama Aron," Wanjuhi alimaliza. "Lakini ilianza na koti."

Elmina aliivua kofia.

Jumanne Aron alimwomba watembee pamoja mpaka mwisho wa shamba. Begani alikuwa amebeba kiti cha plastiki. Walitembea kidogo kando ya majani chai, kisha Aron akaweka kiti chini na kumwambia aketi. Wakainuka, wakatembea tena. Kiti chini. Aketi. Na njiani Aron alikuwa akihesabu hatua kwa midomo, bila kutoa sauti.

Elmina aliwahi kuona watu wa kupima mashamba. Walikuja na minyororo mirefu na vijiti vya rangi. Aron hakuwa na mnyororo. Alikuwa anapima shamba kwa kiti.

"Ziko ngapi?" alimuuliza ghafla.

Aron alishtuka. "Nini, Mama?"

"Hakuna kitu."

Jumatano ilikuwa zamu ya Winny, mjukuu wake wa Kidato cha Pili. Alikuja na simu, akaiweka mezani, akaibonyeza. Kisha akauliza maswali mfululizo. Jina lake kamili ni nani? Alizaliwa lini? Yeye na babu walipataje hili shamba?

Elmina aliiangalia ile simu. Taa ndogo nyekundu ya kunasa sauti ilikuwa inawaka.

"Jina langu ni Kogo," alijibu. "Nilizaliwa siku ile nilizaliwa. Shamba nililikuta hapa."

Alhamisi alienda jikoni kwa Rodah kuomba chumvi. Ukutani palikuwa pamebandikwa karatasi. Elmina alijifunza kusoma ukubwani, katika masomo ya watu wazima kanisani. Kwa hivyo alisoma polepole, kidole juu ya herufi. JUMATATU: KOGO, KOFIA. JUMANNE: KOGO, SHAMBA. JUMATANO: KOGO, SIMU. Kabla hajafika chini, Rodah aliingia mbio na kuifunika karatasi kwa mgongo wake. Akacheka kama mtu aliyeshikwa na mahindi ya wenyewe.

"Usisome, Mama. Hiyo ni siri."

Elmina alisahau chumvi. Alirudi nyumbani, akafunga mlango, akatoa hati ya shamba chini ya godoro. Sasa aiweke wapi? Ndani ya Biblia, watatafuta kwanza. Ndani ya unga, Rodah ataipika. Ndipo macho yake yakapanda ukutani. Pale, kando ya tarumbeta la zamani la mzee wake, palining'inia kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, alichopewa na mama yake siku ya kuolewa. Tangu mzee wake afariki, hakuna mtu aliyekigusa. Maziwa siku hizi yaliwekwa kwenye jagi la plastiki. Elmina alikunja hati ikawa nyembamba kama kidole. Akaisukuma kwenye shingo ya kibuyu mpaka ikaanguka ndani. Akafunika. Siku hiyo alikunywa chai kwa raha.

Jumamosi alienda kwenye mkutano wa akina mama kanisani. Aliporudi aliona moshi uani. Aron alikuwepo, Rodah alikuwepo. Chepkemboi, mhudumu wa afya wa kijiji, yule wa kupima presha, naye alikuwa ameketi hapo. Wameleta hata shahidi, Elmina aliwaza.

Kisha akamwona Winny. Kibuyu kilikuwa kati ya magoti yake. Kando yake kijiti cha senetwet kiliungua polepole. Huo ndio mti ambao mkaa wake husuguliwa ndani ya kibuyu, ili maziwa yakilala yawe mursik yenye harufu nzuri. Lakini kabla ya mkaa, kibuyu huoshwa. Winny alikuwa ameinua birika la maji ya moto. Mvuke ulikuwa unatoka.

"Kogo, umerudi mapema," Winny alisema akitabasamu. "Tulitaka kukushangaza. Naanza na maji, sivyo?"

Elmina alisimama kama amepigwa msumari. Akinyamaza, hati itapikwa. Akisema, hati itaonekana.

"Wacha hicho kibuyu," alisema. "Kimepasuka."

Winny alikigeuza huku na huku. "Mbona sioni ufa?"

"Ufa uko ndani."

"Basi tujaribu na maji kidogo, tuone kama kinavuja."

Birika liliinama. Tone la kwanza lilianguka ukingoni.

"Kuna hati ndani," Elmina alisema.

Winny aliweka birika chini taratibu sana. Ng'ombe pekee ndiye aliyeendelea na mambo yake.

"Hati gani, Mama?" Aron aliuliza.

"Ile mnayotafuta. Mmenipa kofia. Mmepima shamba na kiti. Mmeweka sauti yangu kwa simu. Ilibaki nyama ya mbuzi tu."

Aron alimwangalia mkewe. Rodah aliangalia chini. Chepkemboi ndiye aliyeanza kucheka, lakini alipomwona Elmina anafuta machozi, aliacha. Akamvutia kigoda, akamwomba aketi, akaketi kando yake.

"Kogo, kosa limeanzia kwangu," alisema. "Mwezi uliopita nilikupima. Presha ilikuwa sawa. Lakini ulishindwa kuinuka kwenye kiti bila kushikwa. Na ulikuwa umenyamaza. Wewe, uliyekuwa unanitania mpaka nakosea kusoma mashine."

Alieleza kwamba mzee akikaa tu kutwa nzima, miguu inalegea, na anaweza kuanguka. Akikosa mtu wa kuongea naye, moyo nao unalegea. Kwa hivyo aliwaambia Aron na Rodah watumie likizo hii kufanya mambo pamoja naye. Watembee asubuhi jua likiwa bado pole. Abebe maji na anywe hata kama hana kiu. Kofia ilikuwa ya jua. Kiti kilikuwa cha kupumzikia, na hatua zilihesabiwa ili asichoke. Simu ilikuwa ya kuweka hadithi zake, zisipotee.

Kisha Chepkemboi akawageukia wale wengine, na sauti yake ikabadilika.

"Lakini mimi niliwaambia mwanze na kumuuliza. Niliwaambia ama sikuwaambia? Nyinyi mmempangia ratiba kama ndama anayepelekwa josho. Hata ndama hushtuka akiona kamba."

"Tulitaka iwe siri nzuri," Rodah alisema polepole. "Nisamehe, Mama."

Aron alichutama mbele ya mama yake. "Hati ni yako. Shamba ni lako. Sitaki kujua unaiweka wapi."

"Sasa unajua," Elmina alisema. "Na kutoka haitoki."

Ilikuwa kweli. Karatasi ilikuwa imejikunjua ndani, na shingo ya kibuyu ilikuwa nyembamba. Aron alisema wakivunje. Elmina alikikumbatia. Hati bila kibuyu, kibuyu bila hati, hakuona aache kipi. Winny aliwaza kidogo. Akaenda akang'oa waya mbili za mwavuli mbovu, akanyoosha mikono.

"Kogo, nipe. Sitakivunja."

Elmina aliangalia zile waya, akaangalia mikono ya mjukuu wake. Halafu akampa kibuyu, na kila kitu kilichokuwa ndani yake.

Winny aliikamata karatasi kwa zile waya, akaizungusha polepole kama mtu anayesokota uzi. Ilitoka nzima. Ilikuwa nyeusi pembeni kwa mkaa wa zamani, na ilinukia mursik. Elmina aliipangusa, akaifutika kifuani.

"Sasa niulizeni," alisema.

Wakamuuliza anapenda kufanya nini. Alikuwa na orodha ndefu kuliko ile ya ukutani. Alitaka kuchuma majani kidogo asubuhi, kikapu kisijae. Alitaka kupelekwa Londiani kumwona dada yake, ambaye walikuwa hawajaonana naye kwa miaka mitatu. Alitaka watu wale chakula cha jioni pamoja naye, si kumletea sahani na kukimbia. Na alitaka kumfundisha huyu msichana kuosha kibuyu, kwa sababu birika alilishika kama mtu wa kumwaga maji ya choo.

Mursik ya kwanza ya Winny ilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Ya tatu, Aron aliomba kikombe cha pili. Londiani walienda, na wale dada wawili walicheka mpaka simu ya Winny, iliyokuwa ikinasa sauti zao, ikaisha chaji. Wanjuhi alikuja kuchunguza mwenyewe. Alikunywa vikombe viwili, akasema bado anashuku, akaomba cha tatu.

Januari, kabla shule hazijafunguliwa, Aron na mama yake walitembea tena kando ya majani chai, kofia kichwani, chupa ya maji mkononi. Aron aliweka kiti chini. Elmina hakuketi.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Mia mbili na kumi, Mama. Siku ya kwanza zilikuwa sitini."

"Nani alikuambia usimame hapa? Beba kiti, twende. Tupime mpaka kwa mpaka wa Wanjuhi."

Hati aliificha upya. Wapi, hakuna ajuaye. Ila siku hizi, mtu akitaka kushika lile tarumbeta la zamani la mzee wake, Elmina humwambia limepasuka.