Mtaro Usio na Mwenyekiti

Norah Anyango aliishi katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben na mume wake, Okumu, na watoto wao. Okumu alifanya kibarua kiwandani. Norah alikaanga mandazi mlangoni. Nyumba yao ilikuwa ya mwisho, chini kabisa ya safu ya nyumba za mabati. Mvua ikinyesha, maji machafu ya majirani wote yaliingia kwao bila kubisha hodi.

Mvua iliyopita, mtoto wao mdogo, Javan, aliharisha mpaka akakaribia kufa.

"Baba Javan," Norah alisema, "hii maji ikiingia tena, mimi nachukua watoto naenda nyumbani. Wewe utabaki nayo."

Okumu aliogopa. Alimpenda mke wake, na tena hakujua kupika.

Kila mtu alijua dawa: kumngoja diwani. Wakati wa uchaguzi, diwani alikuja. Wanawake walifagia njia na kuimba. Norah alicheza mpaka kiatu kikakatika. Diwani aliahidi mtaro wa mawe. Kisha akashinda, na mtaro ukabaki mdomoni mwake.

Watu walikasirika. Wakakutana Jumapili baada ya kanisa, ili waunde kamati. Walianza na mwenyekiti. Mzee Ndung'u, seremala, alikitaka kiti. Otiende, karani wa reli, alikitaka pia. Hawa wakamshika seremala, wale wakamshika karani. Walibishana mpaka jua likatua, na hakuna aliyetaja maji. Ajabu ya watu! Walikuwa wamemchoka diwani, na sasa waligombana wapate diwani mwingine mdogo.

Baada ya hapo kila mtu alichimba mlangoni pake. Ndung'u alichimba, maji yakaenda kwa jirani wa chini yake, Waithera. Waithera alichimba, yakaenda kwa Otiende. Mwishowe yote yalikwenda kwa Norah.

Norah alimwendea jirani yake Nthoki, aliyefundisha watu wazima kusoma.

"Mwalimu, mambo ya siasa yamenichosha."

"Ya diwani ndiyo yamekuchosha," Nthoki alisema. "Hebu niambie. Pale kwa bomba, nani huamua nani ateke maji kwanza?"

"Hakuna mtu. Tunafuata laini. Mwenye mgonjwa anapita mbele."

"Hiyo sheria mlipewa na nani?"

"Si ni sisi wenyewe?"

"Basi hiyo pia ni siasa, Mama Javan. Ni siasa ndogo. Haina kiti wala gari. Wenye shida wanakaa, wanasikizana, wanaamua, kisha wanafanya."

"Kwa hivyo tuache kupiga kura?"

"Pigeni. Na diwani mumdai kazi yake. Lakini kura ni siku moja, na maji machafu yanapita kila siku. Waite watu kwako. Waone."

Jumapili iliyofuata majirani walikutana kwa Norah. Hakuna aliyekaa mbele. Kila mmoja alisema kwa zamu, wanawake kwa wanaume. Ndung'u alipoanza habari ya mwenyekiti, Nthoki alimkatiza kwa heshima.

"Mzee, kwanza tufuate maji."

Wakayafuata, kutoka nyumba ya juu hadi ya chini. Ikaonekana kwamba mtaro lazima upite pale palipokuwa na bafu la mabati la Ndung'u. Watu wakamgeukia Ndung'u. Mzee akikataa, hakuna mtaro.

Norah alimwongoza ndani ya nyumba yake. Ukutani palikuwa na alama ya matope, juu ya kitanda cha watoto.

"Mzee, maji ya bafu lako hufika hapa. Javan wangu karibu nimzike."

Ndung'u aliitazama alama ile. Miaka yote hiyo hakuwahi kuingia katika nyumba hii. Aliona aibu.

"Sikujua, mama," alisema. "Nitalihamisha. Mnisaidie tu kubeba mabati."

Wakachimba pamoja. Ndung'u alijaribu kusimamia, akapewa jembe. Otiende alicheka, naye akapewa lake. Wakapatana kwamba kila wiki nyumba moja itazibua mtaro.

Wiki chache baadaye, mvua kubwa ilikuja mchana. Ilimkuta diwani njiani, akija kuuona mtaro alioambiwa habari zake. Alikimbilia nyumba iliyokuwa karibu, kwa Norah. Nje, maji yalipita mtaroni kwa kishindo. Ndani, Javan alikuwa amelala mkekani, sakafuni, pakavu.

"Kazi nzuri," diwani alisema. "Nataka kuufungua rasmi. Mwenyekiti wenu ni nani?"

"Hatuna," Norah alisema.

"Basi nizungumze na nani?"

"Na sisi. Jumapili, hapa hapa. Tutakuuliza habari ya yale mawe."

Takataka zilikuwa zimeanza kuziba mtaro. Norah alichukua jembe nyuma ya mlango, akamnyoshea diwani.

"Wiki hii zamu ni ya nyumba hii, Mheshimiwa," alisema. "Na wewe uko ndani yake."

Diwani alilitazama jembe, akamtazama mtoto aliyelala. Kisha akainama, akaanza kuvua viatu.