Hafsa na Hati ya Magunia Sitini na Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hafsa alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kwenda kuchukua maziwa kwa Mama Parit, na kumtungia mama yake uzi kwenye sindano ya cherehani. Hiyo ya tatu ndiyo aliyoipenda. Mama yake, Mwaija, alikuwa fundi wa nguo aliyetegemewa na nusu ya kijiji chao cha Mazingara, ila siku hizi macho yake na tundu la sindano yalikuwa hayaelewani.

"Karani wangu, njoo uniokoe!" angeita mama, na Hafsa angeutupa ufagio na kuja mbio.

Jina la karani alilipata kwa mwandiko wake. Darasa la sita zima hakukuwa na mwandiko mzuri kama huo, na Hafsa mwenyewe alilijua jambo hilo, tena kupita kiasi. Kwa hiyo msimu wa kuuza alizeti ulipofika, aliyekabidhiwa daftari alikuwa yeye.

Lori la kiwanda cha mafuta cha Korogwe lilikuwa halivuki korongo kwenda kwenye nyumba za nyuma. Majirani walileta magunia yao uwanjani kwa Mwaija, yakapangwa pamoja. Hapakuwa na gunia lenye jina. Kila nyumba ilishona midomo ya magunia yake kwa uzi wake, na ukiuona uzi umemjua mwenye mali. Mwaija alishona kwa uzi wa bluu wa sare za shule. Naitoi, yaani Mama Parit, alitumia vipande vyekundu vya shuka kuukuu. Mzee Sabiri, aliyewahi kukata mkonge miaka mingi, alishona kwa katani. Bi Hamisa yeye alichana pindo za kanga yake ya kijani.

"Andika jina la kila mtu na idadi ya magunia yake," mama alimwambia Hafsa siku hiyo. "Ukimaliza, nakala moja mpe karani wa kiwanda, moja ibaki kwetu."

Karani wa kiwanda, Bwana Gerald, aliwalipa watu palepale kwa kuhesabu nyuzi. Kwa kila gunia alikata kodi kidogo ya mwanzo, akaeleza kwamba kiwanda kitaipeleka serikalini pamoja na hati ya kuonyesha nani ameuza nini. Watu walifunga hela zao kwenye pindo na mifukoni, wakarudi nyumbani wakicheka.

Miezi ikapita. Siku moja Mwaija alikwenda Handeni mjini, kwenye ofisi ya kodi, kufanyiwa makadirio ya mwaka. Katika wale majirani wanne, yeye peke yake alikuwa na namba ya mlipa kodi, kwa ajili ya biashara yake ya ushonaji. Alirudi alasiri, akaketi kizingitini bila kuvua viatu. Naitoi, aliyekuja kuchukua gauni lake, alimuuliza kuna nini.

"Kiwanda kimepeleka hati inayosema nimeuza magunia sitini na moja," alisema Mwaija. "Mimi niliuza tisa, shoga yangu. Tisa! Sasa mapato yangu ya mwaka yamepanda, nadaiwa kodi ya magunia ambayo sikuyalima."

"Hukumweleza ofisa?"

"Nimemweleza. Dada mmoja mzuri tu, anaitwa Edna. Akaniambia, 'Mama, mimi nakuamini, lakini siwezi kuandika nakuamini kwenye kompyuta. Niletee hati iliyosahihishwa kabla ya mwisho wa mwezi.' Bila hati hiyo nitalipa. Na nikilipa, cherehani inauzwa."

Hafsa alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulisimama mikononi mwake. Cherehani ile alijifunza kuikanyaga akiwa bado anapakatwa na mama yake. Ndiyo iliyomnunulia madaftari, ndiyo iliyomvisha.

"Karani yule ametuharibia," alisema Naitoi. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na mimi je? Mwaka mzima nimeinama shambani. Magunia kumi na manne! Kumbe kwenye karatasi simo kabisa."

Hafsa aliingia ndani kimyakimya, akalitoa lile daftari chini ya godoro. Akafungua nakala. Kwa mwandiko ule mzuri unaosifiwa na walimu, ukurasa mzima ulisomeka: Mama Hafsa, Mama Hafsa, Mama Hafsa. Chini kabisa palikuwa na jumla, imepigiwa mstari kwa rula: sitini na moja.

Alikumbuka yote. Wenzake walikuwa wanacheza rede barabarani na kumwita. Watu uwanjani walikuwa wanasema "mzigo wa kwa Mama Hafsa, pakieni mzigo wa kwa Mama Hafsa." Naye akajiambia, kwani nyuzi si zinajulikana na kila mtu? Nani asiyejua kwamba nyekundu ni ya Mama Parit? Akaandika jina moja kuanzia juu hadi chini, akakimbilia rede.

Kesho yake shuleni alimweleza Parit, mtoto wa Naitoi, aliyekuwa akikaa naye dawati moja.

"Chana huo ukurasa," Parit alimshauri. "Lawama zote ziko kwa karani wa Korogwe. Yeye mtu mzima, atajua mwenyewe. Wewe nani atakujua?"

"Nakala nyingine iko kwake."

"Basi nyamaza tu, bwana."

Hafsa alijaribu kunyamaza. Alinyamaza kipindi cha Hisabati, akanyamaza kipindi cha Sayansi, na uji wa saa nne ukamshinda. Aliporudi nyumbani alimkuta mama anaifuta cherehani kwa kitambaa, polepole, kila pembe, maana fundi mmoja alikuwa anakuja Jumapili kuitazama bei. Hapo Hafsa hakuweza tena.

"Mama, si karani. Ni mimi."

Aliliweka daftari juu ya cherehani, akaeleza yote, hata rede. Machozi yalimtoka mpaka maneno yakawa hayasikiki. Mwaija alisoma ukurasa ule kwa muda mrefu, akiusogeza mbali na macho kama kawaida yake.

"Mwandiko mzuri kweli," alisema mwishowe. Hafsa akalia zaidi. "Nyamaza, mwanangu. Nimekasirika, sikufichi. Ila umekuja mwenyewe, na hilo nimeliona. Jumamosi tunakwenda Korogwe na Mama Parit. Utakayesema ni wewe."

Jumamosi walipanda bodaboda hadi barabara kuu, wakapata basi. Kufika kiwandani, Naitoi alikuwa tayari na maneno makali kwa ajili ya Bwana Gerald, lakini Hafsa alitangulia.

"Shikamoo, Bwana Gerald. Mimi ndiye niliyeandika orodha ya Mazingara. Niliandika vibaya."

Gerald aliitika marahaba, akalitazama daftari, akajikuna kichwa. "Kosa nimeliona. Lakini nikibadilisha hati nitahitaji ushahidi. Nani anajua sasa gunia lipi lilikuwa la nani? Alizeti zilishakamuliwa zamani."

"Na magunia yenyewe?" aliuliza Hafsa.

"Matupu yapo stoo. Tunawarudishia wakulima msimu ujao."

Hafsa na mama yake wakatazamana. "Tupeleke stoo," alisema Mwaija.

Magunia ya Mazingara yalikuwa yamefungwa robota moja kwenye kona, vumbi tupu. Walipoyafungua, kila gunia lilikuwa bado na mabaki ya uzi mdomoni, pale kisu cha wapakuaji kilipopita. Hafsa alichuchumaa akaanza kuyatenga. Bluu, tisa. Nyekundu, kumi na manne. Katani ya Mzee Sabiri, ishirini. Kijani cha Bi Hamisa, kumi na manane. Alirudia kuhesabu mara mbili bila kuambiwa na mtu, kisha akaandika upya: jina kamili la kila mmoja, idadi yake, na rangi ya uzi wake pembeni. Safari hii aliandika polepole.

Bwana Gerald alizihesabu nyuzi mwenyewe, akatikisa kichwa. "Usijibebeshe lawama yote, binti. Siku ile niliwalipa watu wanne kwa mkono wangu. Nikarudi ofisini nikanakili jina moja, na namba ya mlipa kodi ya mama yako, bila kujiuliza. Mama, nisamehe."

"Nilikuja na maneno yangu makali," alisema Naitoi, "sasa nitarudi nayo nyumbani."

Wote wakacheka. Gerald akaandaa hati nne mpya, kila mtu na yake, na barua ya kufuta ile ya kwanza. Jumatatu Mwaija alizifikisha Handeni. Edna alizipitia, akasahihisha makadirio, na Mwaija akalipa kodi iliyo yake, shilingi alizozimudu. Yule fundi wa Jumapili walikuwa wamekwisha kumwambia arudi zake na bei yake.

Jioni hiyo majirani walikusanyika uwanjani kwa chai. Mwaija alimvuta Hafsa karibu, akamwekea mkono begani.

"Sikiliza, karani wangu. Sisi hapa tunajuana kwa nyuzi, na ni jambo zuri. Lakini ofisa wa Handeni hazijui nyuzi zetu. Anachojua ni ulichoandika. Ukiandika, unamsemea mtu ambaye hayupo, kwa hiyo andika kweli na uandike yote, hata kama wenzako wanakuita kucheza. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema. Cherehani hii ipo hapa kwa sababu ulisema."

Hafsa aliitikia kwa kichwa. Naitoi alikuwa ameshika hati yake kwa mikono miwili. Hakujua kusoma, na alikuwa hajaiachia tangu aipokee. Akamnyooshea Hafsa.

"Nisomee."

"Naitoi Joseph, wa Mazingara," alisoma Hafsa. "Alizeti, magunia kumi na manne."

Naitoi alitabasamu hadi macho yakafumba.

"Soma tena," alisema.