Kalamu Kumi na Mbili

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kufagia uwanja, Sabina alikaa kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba yao pale Kiseke na kufungua kopo la biskuti. Ndani ya kopo hamkuwa na biskuti. Mlikuwa na kalamu kumi na moja za kujaza wino, zile zenye nibu ya chuma, ambazo lazima uzinyweshe wino wa chupa ndipo ziandike. Alizitoa moja moja, akazifuta kwa kitambaa, akazipanga kwa rangi, akazitazama, kisha akazirudisha. Kazi hiyo ilichukua saa nzima.

Nyingine zilikuwa mpya, za plastiki inayoonyesha mpaka ndani. Nyingine zilikuwa na umri mkubwa kuliko mama yake, na zilitoka kwenye mikoba na mifuko ya makoti ya mitumba. Sabina alizinunua kwa pesa za sikukuu, na mara nyingi zaidi kwa pesa ya andazi la saa nne. Kila moja aliinunua siku ileile aliyoiona, na kila mara alisema hiyo ndiyo ya mwisho.

"Ya mwisho ya mwezi huu, au ya mwisho ya leo?" mama yake, Teodora, alimuuliza siku moja. Alikuwa fundi cherehani, na hakuinua macho kwenye kitambaa.

"Ya mwisho kabisa, mama."

"Haya, nimesikia. Hata mwezi uliopita nilisikia."

Jambo la kushangaza ni kwamba kalamu hizo zilikaa bila wino. Sabina aliogopa zisichafuke, kwa hiyo shuleni aliandika kwa peni ya kawaida kama wenzake. Ni moja tu iliyowahi kufanya kazi, ile aliyonunuliwa na mama yake akiwa darasa la nne ili ajifunze mwandiko kwa babu. Hiyo ilikuwa ya plastiki nyeupe, na mkiani ilikuwa na alama za meno. Sabina aliiona mbaya, akaiweka chini kabisa ya kopo.

Babu huyo ni Mwalimu Yakobo, baba yake Teodora, aliyestaafu ualimu zamani na sasa aliishi nao. Kwa miaka thelathini ndiye aliyeandika majina kwenye vyeti vya kipaimara vya parokia yao. Kuna familia Kiseke zilizoweka vyeti hivyo kwenye fremu, si kwa sababu ya dini peke yake, bali kwa sababu ya mwandiko wa babu. Alitumia kalamu moja nyeusi tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mwaka huo mkono wake ulianza kutetemeka. Kikombe cha chai kilifika mdomoni kikiwa nusu, na nusu nyingine ilibaki kwenye shati.

Jumanne katekista Nathaniel alileta bahasha ya vyeti. Vilikuwa sabini na viwili, vimeshasainiwa na askofu na kupigwa muhuri, sawasawa na idadi ya watoto wa kipaimara. Sabina alikuwa mmoja wa watoto hao.

"Mwaka huu utaandika wewe," babu alimwambia Sabina. "Mimi nitakaa pembeni nikikosoa. Kukosoa hakuhitaji mkono."

Sabina alirukaruka kwa furaha. Kwa miaka miwili alikuwa amejaza daftari baada ya daftari akiusubiri mwaka huo. Babu akampa pesa. "Wino wangu umekwisha. Kesho ukitoka shule, nenda lile duka la steshenari karibu na posta. Wino mweusi wa kalamu. Usilete mwingine."

Siku ya pili yake Sabina alishuka mjini. Alipita soko la mitumba la Mlango Mmoja, akijiambia kwamba ni njia ya mkato. Haikuwa njia ya mkato. Pale kulikuwa na muuzaji aliyeitwa Ngosha, ambaye alitandaza turubai na juu yake akapanga saa zisizo na mikanda, miwani za watu asiowajua na funguo zilizopoteza makufuli yake. Siku hiyo, katikati ya funguo, kulikuwa na kalamu ya kijani yenye pete ya rangi ya dhahabu.

"Unaiona hiyo?" Ngosha alisema. "Ya zamani hiyo. Siku hizi hawatengenezi tena. Asubuhi kaja baba mmoja na tai yake, kasema nimwekee, anarudi saa kumi."

Sabina alitazama saa zote kwenye turubai. Zilionyesha nyakati tofauti, lakini moja ilionyesha saa tisa na dakika hamsini. Hakuuliza kama nibu ni nzima, wala hakuuliza kama inaandika. Alitoa pesa ya babu, akapokea kalamu na chenji kidogo.

Furaha yake ilidumu mpaka kwenye kona ya soko. Hapo alihesabu chenji. Wino wa babu ulikuwa ghali, na chenji haikufika hata nusu ya bei yake. Aliingia kwenye kibanda cha vifaa vya shule.

"Kuna wino mweusi?"

"Upo. Wa muhuri, huu wa kutia kwenye kile kipedi," dada wa kibandani alijibu.

"Lakini ni mweusi?"

"Mweusi kabisa."

Sabina akaununua. Njia nzima alijisemea kwamba wino ni wino, tena ukiwa kwenye karatasi nani atajua.

Alhamisi alipotoka shule, babu alikuwa ameenda kwenye mkutano wa jumuiya. Sabina aliona ni nafasi nzuri ya kuanza, ili babu akirudi akute kazi inaendelea asiulize habari za chupa. Aliinywesha kalamu nyeusi ya babu ule wino wa muhuri, akaijaribu kwenye daftari. Karatasi ya daftari iliufyonza wino mara moja, herufi zikatoka safi. Basi akachukua cheti cha kwanza na kuandika jina la rafiki yake anayekaa naye dawati moja: Winnie Obiero. Alikuwa hajawahi kuandika vizuri kiasi hicho.

Babu alikuwa amemfundisha kwamba cheti kikiandikwa hulazwa kitandani peke yake, na hakiguswi mpaka uhesabu taratibu hadi mia. Sabina akakilaza na kuhesabu hadi mia. Kisha akaona kipande cha uzi wa cherehani kimeanguka juu ya cheti, akakipangusa kwa mkono.

Karatasi ya cheti ilikuwa ngumu na yenye kung'aa, haifyonzi kitu. Wino wa muhuri ulikuwa bado mbichi. Jina lote lilifuata mkono wake, likavuka mstari, likaishia juu ya sahihi ya askofu.

Sabina aliogopa. Alikificha cheti chini ya godoro. Akaisuuza kalamu ya babu kwenye ndoo, lakini wino ule mzito ulikuwa umeng'ang'ania ndani, na nibu haikutoa hata nukta.

Babu alirudi, akaketi na kuhesabu vyeti kama kawaida yake kabla ya kazi. Sabini na kimoja. Akahesabu tena.

"Huyu Nathaniel!" alisema kwa hasira. "Nimemwambia miaka yote ahesabu mbele yangu. Mwaka jana alipoteza daftari la ubatizo, Paroko akamsamehe. Safari hii hatasamehewa. Lazima nimwambie Paroko." Akachukua simu na kuanza kutafuta namba.

Sabina alisimama mlangoni. Kama angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Cheti kingekuwa kimepotelea njiani, na Nathaniel, ambaye alimfundisha mafundisho yote ya kipaimara bila kuchoka, angeitwa mzembe mbele ya watu. Babu alikuwa ameshaiweka simu sikioni.

"Babu, usipige," Sabina alisema. "Ni mimi."

Alitoa cheti chini ya godoro, akakiweka mezani, na karibu yake akaweka kalamu nyeusi, chupa ya wino wa muhuri na kalamu ya kijani. Akaeleza yote, akilia. Babu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kalete hilo kopo lako," babu alisema.

Alizipanga kalamu mezani kwa mkono wake unaotetemeka, pamoja na ile ya kijani. Zilikuwa kumi na mbili.

"Ipi inaandika?"

"Sijui, babu."

"Ipi inavuja?"

"Sijui."

"Kalamu kumi na mbili, na huijui hata moja kati ya hizo," babu alisema. "Kesho utarudi kwa huyo muuzaji wako. Pesa ya wino lazima irudi kuwa wino."

Ijumaa Ngosha aliitazama kalamu ya kijani kama hajawahi kuiona. "Hiyo? Nitakupa nusu."

"Lakini juzi ulisema ni ya zamani, hawatengenezi tena!"

"Juzi ulikuwa unanunua," Ngosha alicheka. "Leo unauza."

"Na yule baba mwenye tai?"

"Baba gani?" Ngosha aliuliza, na akaonekana kweli amesahau.

Ilibidi Sabina aongeze kalamu nyingine tatu, zile alizozipenda kuliko zote, ndipo ikatimia bei ya chupa moja ya wino. Aliondoka na chupa hiyo ameishika kwa mikono miwili.

Nyumbani babu alikuwa ameiloweka kalamu yake kwenye glasi ya maji baridi, na nyuzi nyeusi zilikuwa zinatoka taratibu. "Itachukua siku kadhaa," alisema. "Tujaribu zako."

Wakazijaribu zile nane zilizobaki. Ya kwanza ilivuja mezani. Ya pili mpira wake wa ndani ulikuwa umeoza. Ya tatu nibu yake ilikuwa imepasuka, na ya nne haikuwa na nibu kabisa. Sabina alikuwa amekaa nayo mwaka mzima bila kuivua kifuniko sawasawa. Tatu nyingine ziligoma tu. Ikabaki ile nyeupe yenye alama za meno. Babu aliinywesha wino, Sabina akaigusisha kwenye karatasi, nayo ikaandika palepale.

Teodora, aliyekuwa anapita na pasi, alicheka. "Hiyo niliinunua mimi," alisema. Sabina alicheka pia, ila masikio yalimwaka kwa aibu.

Jumamosi kopo halikufunguliwa. Sabina aliandika tangu asubuhi, akifuata orodha, na vyeti vikajaa kitandani, kisha kwenye mkeka. Babu alikaa pembeni akikosoa kama alivyoahidi. Sabina alipofika kwenye jina lake mwenyewe aliliruka. Babu aliona, akamwacha aendelee. Mwishoni mwa orodha kilibaki cheti kimoja safi na majina mawili: Sabina Mayala na Winnie Obiero.

"Jimboni watatoa kingine," babu alisema, "lakini si kabla ya kesho. Labda baada ya mwezi. Utaandika jina la nani?"

Sabina alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu asubuhi, na bado lilimchoma. Shangazi yake alikuwa anatoka Kisesa kesho yake kuja kupiga picha na cheti hicho. "Winnie hakuharibu kitu," alisema. Akachukua kalamu, akaandika jina la Winnie, na safari hii hakuligusa.

Jumapili baada ya misa Nathaniel aliwaita watoto mmoja mmoja. Sabina alisikia majina yote sabini na moja, naye akabaki amesimama mikono mitupu. Winnie alimkimbilia akiwa amekishika cheti chake juu.

"Ona jina langu lilivyopendeza! Babu yako hajazeeka bado."

"Nimeandika mimi," Sabina alisema. Kisha akamweleza kilichotokea kwa cheti cha kwanza. Winnie alimtazama, akamvuta, wakapiga picha wote wawili na cheti kimoja.

Cheti kingine kilifika baada ya wiki sita. Kalamu nyeusi ya babu ilikuwa imepona siku nyingi. Sabina alitaka kukiandika, lakini babu alimnyang'anya kwa upole. "Hiki ni changu," alisema, akaketi mezani.

Alichukua muda mrefu. Alipomaliza aliiweka kalamu chini na kumgeukia.

"Mjukuu wangu, kupenda vitu vizuri si kosa. Mimi mwenyewe naipenda kalamu hii. Lakini ukinunua kila unachokiona siku unayokiona, utakosa pesa ya kile unachokihitaji, halafu utaanza kutafuta njia za pembeni, na kutoka hapo uongo hauko mbali. Siku nyingine ukitamani kitu, kiache dukani wiki moja. Na ukishakuwa nacho, kitumie. Kosa lako ulilitoa mwenyewe chini ya godoro, na ndiyo maana leo nimeandika mimi."

Sabina alikitazama cheti. Herufi zilitetemeka. Ile S ya kwanza ilipinda, na Mayala ilipanda juu kidogo ya mstari. Hakikuwa na uzuri wa vyeti sabini na kimoja alivyoandika yeye, na hakukuwa na kimoja kati ya hivyo ambacho angekubali kubadilishana nacho.

Alikilaza kitandani peke yake. Akahesabu taratibu mpaka mia mbili, ndipo akakigusa.