Ndoo ya Jette Nyuma ya Kibanda

Kila akitoka shule, Jette Brandau alipitia kwanza kwenye bustani za kukodi, ukingoni mwa Berlin. Huko yeye na baba yake walikuwa na kipande chao: safu nne za karoti, mtufaha mmoja na kibanda cha mbao. Kazi yake ilikuwa kukusanya majani makavu, lakini Oktoba ile majani yalikuwa kisingizio tu.

Shuleni waliokota kokwa za mwaloni, kama desturi ya kila vuli, wampelekee bwana misitu awawekee wanyama akiba ya baridi. Jette aliokota ndoo mbili. Moja aliipeleka, ya pili akaificha nyuma ya kibanda. Alikuwa amewaona kwa macho yake: nguruwe mwitu jike na watoto watano wakinusanusa nje ya uzio. Nusu ya msitu wao ilikuwa imekatwa, yamejengwa maghorofa. "Maskini, wana njaa," alijisemea, akawarushia kokwa kiganja kimoja. Kesho yake vikawa vitatu. Ndoo ilipokwisha akaanza kuleta maganda ya viazi na mkate kutoka nyumbani. Msimcheke, watoto wangu. Alikuwa na huruma, ila hakumwuliza mtu yeyote.

Haikupita wiki mbili, nguruwe wakaubomoa uzio. Wakafukua bustani nzima ya Mzee Pagel, jirani yao, kisha wakatokea kwenye njia ya shule na kumkimbiza mama mmoja na mbwa wake. Jumamosi kukaitishwa mkutano.

"Jamani, kuna mtu anawalisha!" alifoka Bi Nitschke, mwenyekiti wa bustani. "Maganda ya viazi tumeyaona, tena karibu na kwako, Mzee Pagel. Na shimo lako la mboji halina kifuniko!"

"Mimi? Nakula supu ya kopo tangu mke wangu afariki. Maganda ya viazi nayatoa wapi?"

Watu wakacheka.

Bi Nitschke akamgeukia mzee. "Mcheke msicheke, kanuni ni kanuni: kulisha nguruwe ni marufuku. Kama ni wewe, kipande utakirudisha."

Bi Roloff, mwindaji aliyeitwa kutoka mjini, alisimama. "Nguruwe aliyezoea kulishwa hamwogopi tena mtu. Nisipojua nani anawalisha ili aache, Jumatatu itabidi niwapige risasi, mama na watoto. Sipendi, lakini hapa wanapita watoto wa shule."

Jette alikuwa amesimama nyuma ya watu. Mzee Pagel akageuka, akamtazama kwa matumaini.

"Mwulizeni Jette, kila siku yupo hapa. Eti binti yangu, umewahi kuniona nikimwaga chakula?"

Watu wote wakamkodolea macho.

"Sijui," Jette akasema. "Sikuangalia."

Mzee Pagel akainamisha kichwa, akavaa kofia yake na kuondoka.

Jumapili mezani, Jette aliisukuma kando sahani ya chakula cha mchana. Jette alijiona mchafu, kana kwamba kila mtu aliweza kuusoma uongo usoni mwake. Baba yake akaweka uma chini.

"Una nini wewe?"

Akamwambia yote huku akilia. Baba akainuka, akachukua koti lake.

"Nitakusindikiza," akasema. "Lakini kusema utasema mwenyewe."

Walimkuta Mzee Pagel akifunga majembe yake kwa kamba, tayari kukirudisha kipande chake. Jette alitaka ardhi immeze.

"Ni mimi niliyewalisha," akasema. "Na jana nilijua kwamba si wewe. Nisamehe, Mzee."

Jioni hiyohiyo alirudia maneno hayo mbele ya Bi Nitschke, kisha mbele ya Bi Roloff, na kila mara uso uliwaka moto. Bi Nitschke naye alikwenda kumwomba Mzee Pagel radhi. Bi Roloff akaiweka bunduki kando, akatoa wiki mbili: uzio uzibwe, chakula kisionekane popote. Jette na baba yake walikaza waya mpaka vidole vikachubuka. Nguruwe walirudi mara tatu, wakanusa, wakakosa kitu, na mwishowe wakarudi zao msituni, wote sita.

"Mji umewanyang'anya nafasi, hilo ni kweli," Bi Roloff alimwambia Jette. "Lakini ukiwazoesha mkono wa mtu, unawaitia risasi. Siku nyingine moyo ukikusukuma, njoo uulize kwanza."

Mzee Pagel alikuwa akipanda upya vitunguu vyake. Jette akapiga magoti kumsaidia, hakuthubutu kumtazama.

"Vitunguu vitaota," mzee akasema. "Nguruwe sina kinyongo nao, walikuwa na njaa. Wewe ndiye uliyeniumiza, uliponiacha peke yangu mbele ya watu. Ukikosea tena, binti yangu, na utakosea tu, sema mapema, kabla mwenzako hajafunga mizigo."