Kivinjari Kilichokataa Kuzuiwa

Yaliyomkuta rafiki yangu, mtunga programu, si ya kuchekea. Siku hiyo bosi alimwamuru awafungie mlango wa tovuti ya kampuni wateja wote wenye vivinjari vya zamani, yaani programu za kufungulia mtandao.

"Bosi, wazee wengi wana simu za kale."

"Wakalilie kwao. Zuia!"

Akazuia. Papo hapo kivinjari kimoja, ambacho mfumo haukukitambua, kikajaribu kuingia. Akakikatalia, kikarudi. Na kila kiliporudi, nyuma ya ukuta, kwenye stoo ya kompyuta mbovu, vitufe vililia: ta, ta, ta.

"Panya hao," bosi alifoka. "Kawafukuze, au ukae nao huko huko!"

Stoo ilikuwa giza totoro, haina dirisha wala umeme. Aliingia na tochi ya simu. Kompyuta zilirundikana, nyaya zimekatwa. Mlio ulitoka kwenye ile ya mwisho. Akaimulika: vumbi juu ya vitufe lilikuwa zito, halijaguswa, na bado vililia. Kwa hasira na woga akavigandamiza kwa kiganja ili vinyamaze.

Havikunyamaza. Chini ya kiganja chake kulikuwa na vidole vya baridi, vikiendelea kubonyeza.