Gurudumu la Nyuma la Rispa

“Gurudumu langu liko wapi, Nikodemo?”

Rispa alikuwa ameketi kando ya barabara ya Nyambureti, ameukumbatia mkono wa kushoto. Vitabu vya darasa la watu wazima alilofundisha vilitawanyika vumbini. Baiskeli ilikuwa mtaroni.

Nikodemo, mchumba wake, alieleza. Wiki ile Rispa alipokwenda Turwa kwa mama yake, yeye alilifungua gurudumu kuukuu la Rispa lenye gia tatu, akafunga lisilo na friwili, kama la baiskeli yake mwenyewe. Gia, alisema, ni za wavivu. Kwa hili pedeli hazisimami mpaka gurudumu lisimame. Mguu unajua kila kitu.

“Hukuniuliza.”

“Ilikuwa zawadi ya harusi.”

“Niliacha kukanyaga mteremkoni, kama nilivyozoea. Pedeli zikanirusha. Wewe unaipenda yako. Nimewahi kukuambia uibadili?”

Nikodemo aliinama kuokota vitabu.

“Goti hili liliteguka nikiwa darasa la nne. Bila gia ndogo, kilima hiki sikipandi. Ungeuliza, ningekuambia. Leo umegeuza baiskeli yangu, kesho utageuza nini? Ndoa basi.”

Matangazo ya ndoa yao yalikuwa yamesomwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki moja.

Nikodemo alitoroka kazi ya shamba la kijiji, akaenda Tarime kwa Okech, fundi ambaye alikuwa amemwachia lile gurudumu la gia. Okech alisikitika. Alikwisha kulifunga kwenye baiskeli ya mteja, na mteja alikwisha kuvuka mpaka wa Sirari. Alidhani Mwalimu mwenyewe ameridhia. Nikodemo alirudi mikono mitupu.

Jumamosi alimwomba katekista Heche asisome majina yao. Heche alimuuliza kama ana akili timamu, ng'ombe wa mahari wamekwisha kupelekwa. Nikodemo hakubadili neno.

Jumapili majina hayakusomwa. Kanisa zima liligeuka kuwatazama. Nje, Rispa alimfuata, mkono ukining'inia kwenye kitambaa.

“Nani kazuia?”

“Mimi. Ulisema ndoa basi. Safari hii nimekusikia.”

“Na gurudumu?”

“Limevuka mpaka. Sitalipata, Rispa. Nimekosa.”

Watu walipita, wakasalimia, wakaenda zao. Rispa alikuwa bado anamtazama.

“Mwambie Heche asome Jumapili ijayo. Baiskeli nitaichagua mwenyewe.”

“Hata yenye gia kumi?”

“Hata ishirini. Na yako ibaki ilivyo. Ikikutupa, nitacheka kwanza, ndipo nikuokote.”